Unga wa stendi ulinipa nguvu usiku ule, lakini sasa naogopa. Wazee wa Moshi na Arusha, naombeni ushauri

Suka wa Pasua

Habari za jioni wakuu. Shikamooni wote mlionizidi umri.

Mimi ni mwanaume wa miaka 44, naishi Moshi, maeneo ya Pasua, naendesha Coaster njia ya Moshi na Arusha. Nina mke na watoto watatu. Sijawahi kuandika habari kama hii popote, na jina nililotumia hapa wenzangu wa kijiweni hawalijui. Naomba mnivumilie nikirefusha.

Tatizo ni lile ambalo wanaume tunalisema kwa mafumbo: jogoo hapandi mtungi. Lilianza taratibu mwaka jana kabla ya Krismasi. Nikasema ni uchovu, maana mnajua msimu ule watu wanapanda nyumbani na gari halilali. Msimu ukaisha, Januari ikaja, abiria wakapungua, nikapata muda wa kulala, na hali ikabaki vile vile. Hamu ninayo. Mke wangu nampenda na hatuna ugomvi wowote. Ila ikifika wakati wenyewe mwili unasimama nusu kisha unalegea, na siku nyingine hausimami kabisa. Zamani nilikuwa naamka alfajiri uume umesimama wenyewe. Hiyo nayo imepotea, sijui tangu lini.

Nimekula kila nilichoambiwa. Karanga mbichi na mihogo mibichi nimetafuna barabarani mpaka konda wangu akaanza kuuliza maswali. Tangawizi na asali kila asubuhi, asali ya kutosha. Tikiti nalo nimelila na mbegu zake. Supu ya kongoro ndiyo usiseme. Mama mmoja wa Boma Ng'ombe akaniambia nisage majani ya mlonge. Sikuona badiliko la maana.

Mwezi uliopita, kwenye stendi moja ambayo sitaitaja, nikamkuta jamaa anauza dawa za mizizi. Ana meza yenye magome, chupa za mafuta, na vikopo vidogo vya unga wa kahawia. Akaniuliza maswali mawili matatu, akanitazama kiganja, akasema nina ngiri iliyopanda, na kwamba punyeto ya ujanani imelegeza mishipa. Nikanunua kikopo kwa elfu thelathini. Maelekezo: kijiko cha chai kwenye maziwa ya moto, nusu saa kabla. Akaniapia ni mizizi mitupu ya porini, haina kemikali na haina madhara.

Wakuu, ilifanya kazi. Kwa upande huo sina la kulalamika. Lakini kichwa kiligonga mpaka asubuhi, uso ukawaka moto, pua zikaziba, na taa ya chumbani nikawa naiona ina ubuluu fulani. Nilipotumia tena wiki iliyofuata, moyo ulienda mbio. Nikainuka kwenda msalani, nikaona giza, nikashika ukuta. Mke wangu alitaka kumgongea jirani mwenye gari.

Kikopo bado ninacho, kimebaki zaidi ya nusu. Je, nipunguze kipimo niendelee? Hiyo ngiri ipo kweli? Na kama kuna mwenye mzizi wa uhakika, wa Kimasai au wa kwetu huku mlimani, usiogonga kichwa, naomba anielekeze. Hospitali sijakwenda. Naona aibu, na ile ya karibu na kwangu binti wa jirani yetu yuko mapokezi.

Nilitaka kusahau: siku hizi usiku naamka kukojoa mara kwa mara, na nyayo zinawaka nikilala mpaka natoa miguu nje ya blanketi. Sidhani kama inahusiana, ila nimeona niseme yote.

---

Chalii wa Ngaramtoni

Mangi pole sana. Wewe umepigwa, huyo wa stendi si mtu wa dawa. Siku hizi yeyote akijifunga shuka na kushika rungu anaitwa daktari wa Kimasai.

Panda Ngaramtoni siku ya soko, utakuta akina mama wa Kimasai wenyewe wamekaa chini na magome yao. Ulizia olkiloriti. Unachemsha gome, unapata maji mekundu machungu, unaweka kwenye supu ya mbuzi yenye mafuta. Sisi tumekua nayo. Vijana wakienda olpul kule porini kula nyama ndiyo wanayokunywa, na hujasikia mmoja analalamika kichwa. Mchukue mzee yeyote wa huku, ana wake watatu na bado anapanda mlima anafuata ng'ombe.

Huo unga mwaga.

---

Mama Neema, Tengeru

Kaka yangu, mimi ni mwanamke, sijui kama naruhusiwa kuongea hapa, lakini nitaongea kwa niaba ya huyo mkeo.

Mume wangu alipatwa na hali hiyo akanyamaza. Akaanza kuchelewa kurudi makusudi, anafika mimi nimeshalala. Nikimgusa anasema mgongo unauma. Mimi nikaamini ana nyumba ndogo. Nilikagua simu, nilipekua mifuko ya suruali, nikamuuliza shemeji yangu kwa siri, nikakonda. Siku nilipokuta chupa ya dawa ya nguvu za kiume kwenye begi lake la kazini nililia nusu siku, nikijua anainunua kwa ajili ya mtu mwingine. Kumbe anainunua kwa ajili yangu, ila anashindwa kuniambia.

Wewe angalau mkeo amekuona ukishika ukuta, anajua kuna kitu. Mwambie leo. Usimwachie nafasi ya kujitungia hadithi, maana zile tunazojitungia sisi wake ni mbaya kuliko ukweli wenyewe.

---

Mzee wa Uru

Kijana, huko kuamka usiku kukojoa mimi nakujua, nina miaka 63. Bibi yetu alikuwa akichemsha gome la mkonde-konde, ule mti mkubwa wa msituni wenye gome jeusi. Wazee waliokuwa wakikojoa kwa matone walikunywa na wakapata nafuu. Huenda kwako shida ni tezi dume, na tezi ikitulia nguvu nazo zitarudi. Mtafute mtu wa juu huko akuletee gome.

---

Tabibu wa Machame (mstaafu)

Marahaba kijana wangu. Nimesoma maneno yako yote, kisha nikarudia yale uliyosema ulitaka kuyasahau. Hayo ndiyo makubwa kuliko yote, na nitayafikia. Nianze na kikopo, kwa sababu kikopo kinaweza kukudhuru usiku wa leo.

Kwanza ujue anayekuandikia si adui wa mizizi. Nimefanya kazi ya utabibu mkoa huu mpaka nilipostaafu, lakini kabla ya hapo nilikuwa mtoto wa mtu wa dawa. Mama yangu mzazi alitibu kwa miti, na nimebeba kapu lake vichakani tangu nikiwa na umri wa kushika panga. Ndiyo maana dawa hizi za mezani zinaniuma. Zimevaa jina la kazi aliyoifanya mama yangu kwa heshima.

Kichwa kugonga, uso kuwaka, pua kuziba, na taa kuonekana ya buluu. Dalili hizo nne zikija pamoja, ndani ya saa moja tangu umeze kitu, na mwili ukasimama, zina mwenyewe. Ni sildenafil, dawa iliyomo kwenye vidonge vya Viagra, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1998. Inazuia kimeng'enya kinachoitwa PDE5, misuli ya mishipa ya damu inalegea, mishipa inapanuka, damu inaingia uumeni. Mishipa ya kichwani, usoni na puani nayo inapanuka, ndiyo maana ukapata vyote vile. Ubuluu unatokana na dawa hiyo hiyo kugusa kimeng'enya kingine kinachofanana na hicho, ambacho kazi yake iko ndani ya jicho. Mimi sijawahi kuona mzizi wa kwetu unaoleta hayo manne kwa pamoja. Kikopo chako sijakipima, lakini ungekuwa umekaa hapa barazani kwangu ningekuambia bila kusitasita: mtu amesaga vidonge akachanganya na unga wa gome.

Jambo hili limeonekana nchi nyingi. Mamlaka ya dawa ya Marekani kila mara hutangaza majina ya dawa za "asili" za wanaume zilizokutwa na sildenafil au ndugu zake ndani. Singapore, miezi mitano ya mwanzo ya mwaka 2008, watu 150 wasio na ugonjwa wa kisukari walifikishwa hospitali sukari ikiwa imeshuka vibaya, na wengi wao damu ilikutwa na glibenclamide. Hicho ni kidonge cha kushusha sukari. Kilikuwa kimechanganywa kwenye dawa za nguvu za kiume, nyingine zikiuzwa kama za mitishamba na nyingine zikiwa vidonge bandia. Wanne walikufa. Aliyechanganya alimaliza kazi yake akaenda kulala.

Umeuliza kama upunguze kipimo. Kipimo kipi? Kidonge cha hospitali kimeandikwa miligramu 25, 50 au 100, na daktari anajua anakupa nini. Unga uliokorogwa kwenye beseni haujagawanyika sawasawa. Kijiko cha juu kinaweza kuwa na nusu kidonge, na cha chini kikawa na vidonge vitatu. Mara ya kwanza uliumwa kichwa, mara ya pili ukaona giza, kwa sababu presha ilishuka ghafla uliposimama. Sasa fikiri giza lile likukute asubuhi umeshika usukani pale daraja la Kikafu, na watu wamejaa nyuma yako.

Usikitumie tena, na usimgawie mtu. Hasa usimgawie mzee anayeweka kidonge cha moyo chini ya ulimi. Dawa hizo za moyo za jamii ya naitreti zikikutana na sildenafil, presha inaweza kuanguka mpaka mtu akafa. Na kwa yeyote anayesoma hapa: ukitumia kitu chochote cha namna hii uume ukasimama zaidi ya saa nne bila kulala, usione fahari, kimbia hospitali usiku huo huo. Damu ikikaa mle muda mrefu inaharibu kabisa.

Kuhusu ngiri. Ngiri ni utumbo unaosukuma na kutokeza mahali palipo dhaifu, kinenani au mpaka kwenye korodani. Utaiona kama uvimbe unaotoka ukikohoa au ukibeba mzigo, na ukilala chali mara nyingi unarudi ndani. Mganga wa hospitali anaishika kwa mkono, hasomi kiganja. Kama huna uvimbe, neno hilo liondoe kichwani. Punyeto nayo hailegezi mishipa. Maneno hayo mawili yameuza vikopo vingi sana, kwa sababu kila mwanaume akiulizwa habari za ujana wake atainamisha kichwa, na akishainamisha kichwa anatoa pesa.

Sasa yale ya mwisho. Unaamka usiku kukojoa. Nyayo zinawaka. Kusimama kwa alfajiri kumepotea. Una miaka 44 na unakaa kwenye kiti kutwa nzima. Mama yangu hakuwa na mashine yoyote, lakini mwanaume akija kwake na shida kama yako, alimwomba akakojoe mahali pakavu pembeni ya kihamba, yaani shamba la nyumbani, mbali na zizi, halafu asubuhi yeye mwenyewe anakwenda na mimi kutazama. Tukikuta sisimizi wamejaa pale, hakuchuma mzizi wowote wa kiume. Alimwita yule mtu akamwambia: baba, mkojo wako una sukari, hii si kazi yangu, teremka hospitali. Nimeona mwenyewe akirudisha mbuzi aliyeletewa kama malipo.

Kijana, nina hofu una kisukari. Sukari ikikaa juu muda mrefu inakula mishipa midogo ya damu na ya fahamu. Miguuni unasikia moto au ganzi, uumeni unasikia kimya. Wanaume wenye kisukari hupatwa na tatizo hili karibu mara tatu zaidi ya wengine. Na hata bila kisukari, mishipa ya damu ya uume ina upana wa milimita moja hadi mbili tu, wakati ile ya moyo ni milimita tatu hadi nne. Uchafu unaoziba mishipa unaonekana kwanza kwenye ile myembamba. Ndiyo maana mara nyingi mwanaume hupoteza nguvu miaka miwili hadi mitano kabla moyo haujaanza kumsumbua. Wengi niliowaona wakiletwa na maumivu ya kifua, ukiwauliza kwa faragha, mwili ulikuwa umeshawapa habari mapema, wakazinunulia unga.

Kupotea kwa kusimama alfajiri kuna maana yake. Mtu mwenye mawazo, deni, au hofu ya kushindwa kitandani, mara nyingi bado anaamka akiwa amesimama, kwa sababu akilala hofu inalala. Ikipotea na ile, tunatafuta chanzo ndani ya mwili.

Aibu yako naielewa, na una njia ya kuikwepa ambayo wengi hawana: kazi yako inakufikisha Arusha. Usipimiwe karibu na kwako. Siku moja ukapakie bila kula wala kunywa chai, ukishusha abiria ingia hospitali au maabara yoyote ya Arusha ambako hakuna anayejua wewe ni mume wa nani. Mwambie anayekupokea: nataka kupima sukari na presha. Huna haja ya kutaja jambo jingine pale dirishani. Sukari ni tone la damu kidoleni. Kabla ya kula, ikifika 7.0 (mmol/L) au zaidi, na kipimo cha pili kikasema hivyo hivyo, ni kisukari. Presha ikiwa 140 kwa 90 kwenda juu, nayo inatafutiwa dawa. Ukishaingia chumbani kwa daktari na mlango umefungwa, hapo ndipo umwambie la uume. Atakuwa ameshalisikia wiki hiyo hiyo. Utafiti mkubwa wa Massachusetts kule Marekani uliwauliza wanaume wa miaka 40 hadi 70, na 52 kwa kila mia walikuwa na shida hiyo kwa kiasi fulani.

Kama kuna dawa unayomeza, ya presha au ya mawazo, ichukue mkononi uende nayo. Baadhi ya dawa za presha, kama hydrochlorothiazide na propranolol, zinaweza kupunguza nguvu za mwanaume, na daktari anaweza kuzibadili. Usiziache mwenyewe. Mwaka 2011, barabara ya Samunge ilipojaa magari ya watu wanaofuata kikombe cha dawa cha shilingi 500 cha Mchungaji Mwasapile, yule Babu wa Loliondo, kuna wagonjwa wa sukari na presha walioacha vidonge wakiamini wamepona. Baadhi yao niliwapokea baadaye, wakiwa hawajitambui.

Mzee wangu wa Uru, kuhusu mkonde-konde nakuunga mkono, tena kwa furaha. Bibi yenu alijua alichofanya. Kitaalamu ni Prunus africana, na Wafaransa wamekuwa wakitengeneza dawa ya tezi dume kutoka gome lake tangu miaka ya 1970. Uchambuzi uliotolewa mwaka 2002 ulikusanya majaribio 18 yenye wanaume zaidi ya 1,500, ukaonyesha mkojo unatoka vizuri zaidi na kuamka usiku kunapungua. Lakini hiyo ni dawa ya mkojo wa wazee. Kusimamisha uume si kazi yake. Huyu ana miaka 44 na nyayo zinawaka, tezi si ya kwanza kuifikiria. Na tafadhali usimtume mtu msituni. Mti huo unakufa ukibanduliwa gome kuzunguka shina lote, biashara yake ya nje imewekewa masharti ya kimataifa tangu 1995, na msitu wa juu uko ndani ya hifadhi. Mwenye nao kwenye kihamba chake autunze, na awapandie wajukuu.

Chalii, olkiloriti ni kinywaji kizuri na nyama ya mafuta, sina ugomvi nayo. Ila wazee unaowasifu wanatembea na ng'ombe kutwa, hawakai kwenye kiti cha Coaster na soda ya baridi pembeni. Uzima wa mishipa yao unaanzia hapo.

Na wewe kijana, asali na tikiti viache mpaka upime. Ni kweli tikiti lina citrulline, kitu ambacho mwili unakitumia kupanua mishipa, lakini kipo kidogo, na sukari unayomeza pamoja nacho, kama hofu yangu ni ya kweli, ndiyo inayokuchoma nyayo.

Ukitaka tiba ya asili baadaye, haki yako. Tuna Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 na Baraza linalosajili waganga na dawa zao. Muulize mganga cheti chake kabla hajakuuliza ujana wako. Anayeijua kazi yake hatakasirika.

Nijibu ukishapima. Nasubiri kwa dhati.

---

Suka wa Pasua

Shikamoo mzee. Samahani kwa kimya, nilikuwa naogopa kurudi hapa bila jibu.

Nilifanya ulivyosema. Nilipakia alfajiri bila chai, konda akanunua maandazi pale njiani nikakataa akadhani nimeokoka upya. Nilipofika Arusha nikamwachia gari apange foleni, nikaingia maabara. Sukari kabla ya kula ilisoma 13.8. Yule dada aliyenipima alinitazama akaniuliza kama nimekuja peke yangu. Presha 152 kwa 96. Wakanipeleka kwa daktari, kijana mdogo kuliko mimi, nikajikuta namweleza yote mpaka ya taa ya buluu. Hakucheka. Alinivua viatu akanipitishia uzi laini chini ya nyayo, kuna sehemu sikusikia kabisa. Alirudia kipimo siku nyingine, jibu lile lile. Nimeanzishiwa metformin ya sukari na dawa ya presha, na nimeambiwa soda basi, ugali upungue, nitembee kila siku.

Dada Mama Neema, nilimwambia mke wangu usiku ule ule niliosoma maneno yako. Alikaa kimya muda, halafu akasema yeye alijua nimemchoka tangu alipojifungua wa mwisho. Mtoto ana miaka sita. Sikujua alikuwa amebeba hilo muda wote. Siku ya kurudia kipimo tulikwenda wote.

Mzee, nina maswali. Nguvu zitarudi au ndiyo basi? Kikopo nikitupe chooni? Na hiki kidonge cha sukari kinanivuruga tumbo vibaya, nafikiri kukiruka siku za safari.

---

Tabibu wa Machame (mstaafu)

Marahaba mwanangu. Nimefurahi sana, na huyo daktari kijana nimempenda bila kumjua.

Usiruke kidonge. Metformin inavuruga tumbo mwanzoni kwa wengi, na kwa wengi inatulia baada ya wiki chache. Imeze katikati ya chakula au mara tu ukimaliza, kamwe si tumbo tupu. Tumbo likikataa kabisa, mwambie daktari. Kuna aina inayoyeyuka polepole na huwa nafuu. Siku za safari ndizo unazoihitaji zaidi, kwa sababu ndizo unazokaa.

Nguvu: sukari na presha zikishuka, ukapunguza kitambi na ukatembea, wapo wanaorudi vizuri na wapo wanaorudi kiasi. Inachukua miezi. Mishipa ya fahamu hupona polepole, na mingine haiponi yote, sitakudanganya. Lakini usiishi ukisubiri tu. Ukienda kliniki, muulize daktari kuhusu sildenafil yenyewe, ya kidonge, kwa kipimo kidogo, baada ya kuhakikisha moyo wako uko salama na haigombani na dawa ulizonazo. Kile ulichouziwa kwa kificho kina njia yake halali, na bei yake mara nyingi ni ndogo kuliko kikopo.

Kikopo usikitupe chooni. Kifunge kwenye mfuko, andika umekinunua lini na kilikufanya nini, ukipeleke ofisi ya TMDA, yaani Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, ya Kanda ya Kaskazini hapo Arusha. Wana maabara na wana mamlaka ya kumfuata muuzaji. Huna haja ya kumwogopa, na kuna madereva wengine wanapita mezani kwake kila siku.

Miguu itazame kila usiku kabla ya kulala, chini ya nyayo na katikati ya vidole, mkeo akusaidie. Pale usiposikia uzi, hutasikia msumari.

---

Suka wa Pasua

Sawa mzee. Alhamisi nina zamu ya kulala Arusha, nitapita TMDA asubuhi kabla ya kupakia. Konda wangu naye nimemwambia akapime, maana soda tulikuwa tunakunywa wote.